Kigari cha Mama Zakariya

Ipo asubuhi moja, mwanangu Hamse, ambayo hunijia kila ninapojilaza mkekani baada ya adhuhuri na feni ikaanza kuzunguka. Haiji kwa mpangilio. Kwanza huja vipepeo weupe, halafu harufu ya udongo uliolowa, kisha namwona mama mmoja mnene, jilbabu yake ya kijani, akitembea peke yake kando ya barabara ya Ijara. Nyuma yake niko mimi kwenye gari, kioo nimekishusha, namfuata polepole nikimwomba apande. Nilikuwa binti wakati ule. Hata nyusi zangu zilikuwa nyeusi.

Jana uliponionyesha ile picha kwenye simu yako, ulisema, "Eeddo, cheki hii mashine. Ni noma!" Nikaitazama. Kigari chekundu, kifupi nyuma, tumbo karibu liguse chini, vioo vyeusi, bawa dogo juu ya mlango wa nyuma. Nikakwambia nitafikiri. Hukulipenda jibu hilo, nilikuona. Ulitaka niseme mashallah, kisha nikakuombee kwa baba yako, maana mimi ni shangazi yako na unajua kaka yangu hanikatalii. Sasa kaa hapa. Mimina chai, iliyo na iliki ni hiyo ya birika kubwa, nikueleze kwa nini nilikujibu hivyo.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza kufundisha shule moja nje ya mji, upande ule wanakozurura twiga. Kila asubuhi nilisimama barabarani kungoja lori la mchanga au la maji linibebe, na nikifika darasani vumbi limejaa hadi kwenye kope. Wanafunzi walinicheka kwa siri, nami nilijifanya sioni. Babangu, ambaye wewe hukumdiriki, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa maneno machache. Siku moja akanitazama nikipangusa viatu mlangoni, akasema, "Tafuta gari dogo. Likikutuliza roho, niite nije nilione." Basi.

Ukweli ni kwamba wasichana wenye gari mjini Garissa hawakuwa wengi siku zile. Nilijua nitatazamwa. Nikawaza, kama ni kutazamwa, basi nitazamwe nikiwa ndani ya kitu kizuri. Nilikuwa nikiota kigari. Naota barabara ndefu imenyooka, nami naelea juu yake bila kelele, ngamia wananitazama wakipita kama watu walio ng'ambo ya mto. Usicheke. Na wewe unaota, ila ndoto yako iko kwenye simu.

Nilikiona kupitia geti lililoachwa wazi, katika bula ya jirani, mtaa wa pili na wetu. Kilikuwa rangi ya damu ya mzee, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, magurudumu mapana, mgongo umekatwa ghafla kama mkia wa sungura. Kilikuwa chini ya kibanda cha mikeka. Kwenye kiti cha nyuma, mlango wazi na miguu nje, alikaa mama mmoja akichambua mchele kwenye ungo.

"Asalaam aleikum, mama. Gari hili linauzwa?"

"Waaleikum salaam. Linauzwa na haliuzwi. Wewe binti wa nani?"

Nikamtajia baba, na baba wa baba, akaridhika. Aliniambia yeye ni Mama Zakariya, anauza maziwa ya ngamia sokoni, na gari ni la mwanawe. Zakariya alikuwa amehamia Mombasa na hakutaka kuliona tena. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshaingiza kichwa dirishani na kuona usukani mdogo uliovishwa ngozi, na viti vilivyochongwa kama bakuli.

"Linakimbia?" nikauliza.

Mama Zakariya aliacha kuchambua mchele. Alinitazama kama mtu anayesikiliza sauti iliyo mbali.

"Linakimbia," akasema. "Wajua kuendesha?"

"Nina leseni."

"Sijakuuliza leseni." Akarudi kwenye ungo wake. "Njoo kesho asubuhi. Kabla hujalinunua utanipeleka mahali, barabara ya Ijara, njia ya kwenda Sangailu. Nitakuambia tukomee wapi."

Usiku huo mvua ilinyesha, mvua ya kwanza ya msimu, na asubuhi mji wote ulinuka kama chungu kipya kilichotiwa maji. Nilimkuta Mama Zakariya tayari, jilbabu ya kijani, chupa ya chai mkononi. Nilimfungulia mlango wa mbele. Akaupita, akaingia nyuma.

"Mbele ni pako," akasema. "Mimi nataka kujua huku nyuma kukoje."

Niliwasha injini. Sauti yake, Hamse! Ilianzia chini ya miguu ikanipanda mgongoni. Kiti kikanikumbatia mbavu. Tukatoka mjini tukiwapita wachungaji wakileta mbuzi sokoni, tukaipita shule yangu, na barabara ikajifungua mbele yetu, murram nyekundu yenye vidimbwi vilivyobeba mbingu. Twiga walisimama kati ya migunga, shingo zao zimelowa bado. Halafu vipepeo wakaja. Sijui walitoka wapi. Wengi mno, weupe, wanakata barabara upande mmoja kwenda mwingine kama moshi unaojua unakokwenda. Nikakanyaga mafuta.

Siwezi kukueleza utamu ule, na sitajifanya haukuwepo. Miti iliyeyuka pembeni. Nilihisi sina uzito, sina jina, si binti wa mtu, si mwalimu wa mtu. Nilisahau kabisa kwamba nyuma yangu kuna mtu mzima. Nilimsikia akisema, "Ya Latif, ya Latif," kwa sauti ya chini, nikadhani ni dhikri yake ya asubuhi. Vipepeo wakapasuka kwenye kioo. Gari likarukaruka, likateleza kidogo kwenye tope, likajirudi, nami nikacheka peke yangu.

"Naa," akaniita, kama anavyoitwa binti kwetu. "Nishushe."

Nikashika breki. Gari lilivuta upande wa kushoto kabla ya kusimama. Mama Zakariya akashuka, akaiweka jilbabu yake vizuri. Nilidhani anataka kwenda kichakani kidogo, nikatazama pembeni kwa heshima. Nilipogeuka alikuwa ameshika njia. Anatembea. Haendi nyumbani, anaelekea mbele, Sangailu, kwa viatu vya sokoni, jua linaanza kuwaka.

Nilimfuata na gari. Nikateremsha kioo.

"Mama, nimekukosea nini?"

Akazunguka kidimbwi, akaendelea.

"Mama, panda tafadhali. Nitakwenda polepole, wallahi."

"Nenda polepole basi," akasema bila kugeuka. "Mimi natembea."

Ningefanya nini? Nilimfuata kwa mwendo wake, na mwendo wa mama mnene aliyekasirika si wa haraka. Gari lile halikupenda. Lilikohoa, likashtuka, mshale wa joto ukaanza kupanda. Tumbo lake lilikwaruza tuta la mchanga katikati ya njia, na kila mara nilisikia moyo wangu ukikwaruzwa pamoja nalo. Usukani ulitaka kwenda kushoto, nikiuachilia tu unakwenda. Kwenye kasi sikuwa nimeyahisi hayo. Nilitazama nyuma nikaona kidirisha chembamba cheusi, kama ninachungulia ndani ya chungu. Mtoto angeweza kusimama pale nisimwone. Vipepeo nao, sasa hawapasuki. Waliingia dirisha moja wakatoka lingine, mmoja akatua kwenye mkono wangu, akakunja mabawa, akatulia.

Mchungaji mmoja akatokea na ngamia wake, kengele za mbao zinagonga shingoni. Akatuona: mama anatembea, gari linamfuata kama ndama.

"Gari limeharibika?" akauliza.

"Gari zima," Mama Zakariya akamjibu. "Dereva ndiye anatengenezwa."

Yule mchungaji alicheka hadi akaegemea fimbo. Mimi masikio yaliwaka moto.

Baadaye kidogo barabara ilipinda, ikafika kwenye kalivati, mahali maji ya mvua yanapopita chini ya njia. Hapo Mama Zakariya akasimama.

"Zima injini," akasema. "Shuka."

Nikashuka. Kulikuwa kimya sana, mwanangu. Maji yalikuwa yakipita chini yetu yakisema peke yake.

"Hapa ndipo lilipopinduka," akasema.

Akanihadithia akiwa amesimama vile vile, mkono mmoja juu ya ukuta mfupi wa kalivati. Zakariya na Liban, mtoto wa jirani yake, walikuwa wakirudi kutoka harusini Ijara. Walikuwa marafiki tangu utotoni, walikua wakila sahani moja. Liban alikaa nyuma, bila mkanda, maana nani hufunga mkanda nyuma? Zakariya alikuwa akikimbia kama nilivyokuwa nikikimbia mimi. Ngamia wakatokea kwenye kona. Lori la maji liliwakuta, likawabeba hadi mjini, lakini Liban hakufika. Zakariya alitoka na mkwaruzo sikioni, na tangu hapo hakuweza kupita mbele ya mlango wa mama yake Liban. Ndiyo maana alihama. Gari likanyooshwa bati, likapakwa rangi.

"Hii rangi unayoipenda si ya kwanza," akasema. "Lilikuwa jeupe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nyumbani.

"Waliokutangulia niliwaambia nyumbani. Kila mmoja aliinama kutazama bati, kisha akaniambia nipunguze bei. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni nani aliumia. Nikaona wewe nikulete hapa, usimame, nisikie utasema nini."

Nilitazama ule ukuta, ukingo wake mmoja ulikuwa umevunjika na ukaota nyasi, na swali pekee lililonijia nililitoa kama lilivyo.

"Mama yake Liban yuko wapi sasa?"

Akakaa juu ya kalivati. Akakaa kama mtu aliyeachiwa kamba. Alilia bila kujificha, akijipangusa kwa ncha ya jilbabu. Alisema mama yule alirudi Sangailu kwa ndugu zake miezi kadhaa baada ya maziko. Zamani walikuwa wakisukana nywele, wakiazimana chumvi, mmoja akizaa mwingine anapika. "Kila mara nasema nitakwenda kwake," akasema. "Nikifika hapa nageuka. Na leo pia nitageuka, maana siwezi kufika mlangoni pake ndani ya gari hili. Sijui nilikuwa nawaza nini."

Tukageuka. Nilimrudisha mjini kama mtu aliyebeba maziwa kwenye sahani.

Babangu alikuwa ameketi nje ya nyumba. "Limekutuliza roho?" akauliza.

"Hapana, Aabo." Nikamweleza yote, hata kasi yangu sikuificha. Alinisikiliza akichora mchangani kwa fimbo. Kisha akainuka, akavaa kofia, akaenda kwa Mama Zakariya mwenyewe kumshukuru. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba kesho yake yule mama alikuja kwetu, akasimama uani, akasema, "Haya, twende tukatafute lingine. Mimi nitakaa nyuma."

Na wallahi alikaa nyuma! Mji mzima ulitujua msimu ule. Popote palipo na kigari cha kuuzwa tulifika, yeye anafungua mlango wa nyuma, anajipanga, anafunga macho, ananiambia niendeshe hadi msikitini na kurudi. Gari moja lilikuwa na sura nzuri kupita lile la kwanza. Akainua zulia la chini akakuta tope limekauka kama chapati. Lilikuwa limezama kwenye mafuriko ya Tana na mwenyewe hakusema. Jingine, mwenyewe alikataa tulitoe nje ya mtaa, naye Mama Zakariya akashuka bila kuaga. Kijana mmoja alitukuta tunapima lake akasema, "Mama, hii ni ya vijana. Huko nyuma si pa kukaa." Akamjibu, "Kwani vijana wako hawana mama?" Kijana akainamisha kichwa, akatufungulia mlango tushuke.

Mwishowe tulilipata kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa kikazi. Lilikuwa rangi ya majivu, na mgongo wake umekatwa vile vile kama mkia wa sungura, nao ukanifurahisha. Vioo vyeupe, unaona pande zote. Injini ndogo, lakini ukihitaji kumpita mwenye lori linakusikia. Ukishika breki linasimama pale pale lilipoelekea, haliendi kushoto wala kulia. Fundi wetu, asiyemjua muuzaji, alilala chini yake akatoka akisema hajaona jeraha. Baba akaja, akaligonga paa kwa kiganja kama anavyopima nundu ya ngamia, ingawa nadhani hakujua anapima nini. "Liwe la kheri," akasema.

Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa Sangailu.

Tulifunga mikanda, mbele na nyuma. Sikuulizwa, wala sikuuliza. Tulipokaribia kalivati Mama Zakariya alifumba macho, nami nikapunguza mwendo, nikapita. Alipoyafumbua tulikuwa tumeshapavuka. Akasema tu, "Alhamdulillahi."

Nyumba ya mama yake Liban ilikuwa pembeni, uzio wa miiba, mbuzi wachache kivulini. Nikasimamisha gari. Nikangoja. Mama Zakariya hakushuka. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango, hakukivuta. Yule mama akatoka nyumbani, mwembamba, mrefu, akikinga jua kwa kiganja ili aone ni nani. Akasogea hadi dirishani. Akainama.

Walitazamana. Sikuwahi kuona watu wakitazamana vile, na sitaki kuona tena.

Kisha yule mama akazunguka gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia, akakaa kiti cha nyuma karibu na mwenzake, akaufunga mlango.

Mimi nikashuka upesi, nikaenda kukaa na mbuzi. Nilisikia kilio, kwanza cha mmoja, halafu cha wote wawili. Jua likapanda hadi kivuli changu kikaingia chini ya miguu. Baadaye milango ilifunguliwa, upepo uingie, lakini wao hawakutoka. Na baadaye sana, nikiwa nimeanza kusinzia, nilisikia kicheko. Cheko dogo, la kike, la watu wanaokumbushana jambo la zamani. Nikafumba macho nikaliacha linipitie. Nikisema asubuhi ile hunijia baada ya adhuhuri, mara nyingi huishia kwenye kicheko hicho, na hapo hulala.

Lile gari la rangi ya damu ya mzee halikuuzwa. Mama Zakariya alimwita fundi akalifungua, kila kitu na njia yake, lisirudi barabarani zima. Na Zakariya, mwaka uliofuata, alikuja kutoka Mombasa. Lakini hayo ni yake kuhadithia.

Basi, Hamse, mimi sikukatazi kigari kizuri. Moyo wa kijana unapenda kitu chepesi, nami sitakudanganya kwamba wangu haukupenda. Ila sikiliza shauri langu. Usinunue picha. Nenda ukalione asubuhi, injini ikiwa baridi bado, na uende na fundi wako, si wa muuzaji. Uliza kama limewahi kupata ajali, na wakikubali, uliza ni nani aliumia, kisha nyamaza uwasikilize wanavyojibu. Inua zulia. Chagua injini ndogo kwanza. Kubwa utaipata ukiwa na miaka ya barabarani. Vioo vyeusi vitoe hata kama wenzako watakucheka. Lipeleke kwa mwendo wa mtu anayetembea, utasikia yote ambayo kasi inaficha. Na usiamue mpaka umemweka nyuma mtu ambaye hungependa aumie, na mkanda umefungwa.

Nani? Mimi hapa. Mguu wangu unauma lakini kukaa naweza. Kesho baada ya alfajiri nipitie, tukalione hilo lako jekundu. Nikilipenda nitazungumza na baba yako. Nisipolipenda tutatafuta jingine, na jingine, sina haraka.

Mola akupe gari linalokusikia, na akupe sikio la kumsikia aliye nyuma yako. Akuondolee ngamia kwenye kona na usingizi kwenye usukani. Kila utakapotoka, mama yako akuone ukirudi, na kila mlango utakaousimamia ufunguliwe kwa uso mkunjufu. Amin, mwanangu. Haya, chai yako imepoa, mimina nyingine.